Tangi la Tatu

Ramani inasema matangi mawili.
Mistari ya penseli, muhuri uliofifia,
sahihi ya mtu asiyekuwapo tena wa kuulizwa.
Sisi tumekuja na keekee, mabomba ya plastiki,
sanduku la barafu, chupa arobaini zenye lebo tupu,
na kibali cha kutoboa ardhi ya Soosalu mahali saba.

Ni Aprili. Theluji imebaki vivulini mwa misonobari,
chafu kama shuka la mgonjwa.
Nyasi za Estonia zimeamka kila mahali
ila hapa iliposimama bohari ya shamba la ushirika:
hapa ardhi ina kipara, na haitafuti kofia.

Shimo la kwanza: mchanga, mchanga, changarawe.
Shimo la pili: mfinyanzi wa kijivu,
na kwenye mita tatu na nusu
harufu.
Aigi hasemi kitu. Anapasua ala ya udongo kwa kisu,
anaingiza pua ya mashine, tarakimu zinaparamia.
La kuvunda halina ubani;
mashine ingeweza kubaki garini.

Kuna mzee kwenye uzio tangu saa mbili asubuhi.
Heldur. Miaka kumi na tisa alishika pampu hii.
Tunapoanza shimo la nne anakohoa:
“Mnachimba pasipo penyewe.”

Kisha, akiitazama keekee, si sisi:
“Desemba ikifika na dizeli imesalia,
mkuu alikuwa akisema, mwageni.
Ukibakiza lita moja
mwakani wanakupunguzia kumi.
Basi usiku tulikuwa tunafungua bomba.
Theluji ilikunywa. Haikutoa hata sauti.”

Anavuka uzio. Anaanzia kwenye kisiki
na kuhesabu hatua kwa kunong'ona, kama mtu anayesali.
Thelathini na moja.
Anagonga chini kwa kisigino.
“Hili halikuandikwa. Hili lilikuwa la kuficha.”

Ninashusha kopo jembamba la kuona kwa uzi
ndani ya shimo la tano.
Linapanda polepole. Chini, maji.
Juu ya maji, kidole kizima cha kitu cha rangi ya chai,
kimetulia, kinang'aa,
kimekaa miaka thelathini na mitano kikingoja kuitwa.

Urve ametuletea kahawa katika chupa ya chai.
Nyumba yake ni ile ya njano, upande wa mashariki.
Nimeshainua kikombe ndipo ninauliza:
Maji ni ya bomba?
“Bomba gani? Ya kisima.”
Anacheka kwa kuona uso wangu.
“Yana ladha, ndiyo. Nimeizoea.
Nikipewa maji yasiyo nayo nitajua niko ugenini.”

Sikunywa. Sikumwaga pia.
Kikombe kilipoa juu ya boneti.

Visima vitatu, vina vitatu, hesabu fupi:
maji hufuata mkondo,
na mkondo huu unakwenda mashariki
mwendo wa konokono mwenye subira.
Aigi anachora mshale kwenye karatasi.
Ncha yake inafika penye mkunjo.
Heldur anainama, anaukunjua mkunjo kwa kidole gumba,
na hapo chini iko nyumba ya njano.

“Kisima hicho tulikichimba mimi na Endel,” anasema.
Endel ni marehemu mumewe Urve.
“Kiangazi kile kile.”

Hakuna aliyemjibu. Kwa kweli hakuwa ameuliza.
Urve alikuwa akikusanya vikombe,
akakikuta changu kimejaa,
akakimimina kwenye udongo ule wenye kipara
bila neno.

Majibu ya maabara ni baada ya wiki tatu.
Saa tisa na robo tulikuwa kwenye kisima chake.
Niliandika lebo, wino ukasambaa kwa umande wa mkono wangu,
nikaandika nyingine.
Heldur alikuwa amelishikilia wazi lile sanduku la barafu
kwa mikono miwili,
na hata chupa ilipokwisha kuingia
hakulifunga.